Kioo cha Kutosha Mikono

Alikuwa na misumari kumi na mmoja mdomoni wazo lilipomshika, na mtu mwenye misumari kumi na mmoja mdomoni hasemi. Basi akainua mikono. Akachora pembe nne hewani, akakunjua kiganja cha kushoto, akakipapasa kwa kidole kimoja, mara kulia, mara kushoto.

Kaka yake, seremala, alikuwa upande wa pili wa karakana akipiga randa mguu wa kochi. Akaacha kazi akamtazama.

"Dirisha," akasema.

Mdogo wake akatikisa kichwa.

"Dirisha chafu. Unataka nilifute."

Akatikisa tena, safari hii kwa nguvu, na msumari mmoja ukamponyoka ukaangukia kwenye sponji.

"Basi mkate. Unapaka siagi."

Ikabidi ateme. Aliitema misumari yote kiganjani, akafuta midomo kwa mkono wa gauni, akasema kwa sauti: "Tableti. Nataka kununua tableti."

Kaka akaweka randa chini. Uso wake ukajaa huruma. "Kichwa tena? Si nimekwambia hiyo gundi uitumie mlango ukiwa wazi? Meza mbili, ukalale kidogo."

"Ya kuongelea, kaka, si ya kumeza. Ile kubwa, ya kioo."

"Aa. Kishikwambi." Neno hilo alilisikia redioni, na alilitamka kama mtu anayetaja mdudu aliyemwona ukutani. Kisha huruma ikamtoka usoni. "Na kompresa je?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo kuna mtu angeleta kompresa ya upepo iliyotumika kidogo, pamoja na bastola yake ya pini, ile inayopiga ta-ta-ta na kumaliza kiti kizima kabla fundi wa nyundo hajapata pa kukaa. Kaka ndiye aliyeitafuta, akaipigania bei mpaka mwenyewe akasalimu amri. Fedha ilikuwepo, imetulia ndani ya kopo la vifungo, lakini ilitosha kitu kimoja tu.

Na bastola ilihitajika, hilo halikuwa na ubishi. Mafundi wote wa makochi mtaani walishaiacha misumari. Aliyebaki ni yeye, Mama Kochi kama watu walivyomwita, ambaye kila asubuhi bado alijaza mdomo kama anayekula karanga. Hakuwa mkaidi, ndivyo alivyofundishwa. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, sasa misumari ikae wapi? Anachomoa mmoja midomoni kwa vidole viwili, anaugusisha kwenye nyundo yenye sumaku, unanata, anaugonga. Mmoja tena. Wateja wapya walimtazama kwa hofu, wakidhani siku moja atameza. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amemeza mmoja tu, siku ambayo mteja alimwambia rangi ya kochi ibadilishwe likiwa limeshakamilika.

Misumari hiyo ndiyo iliyomlelea mtoto. Binti yake alizaliwa hasikii, na watu wengi walimpa mama pole asizoziomba. Hawakujua jinsi mambo yalivyojipanga ndani ya karakana ile. Mtoto hakusikia, mama hakuwa na mdomo kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mikono ikasema kwa niaba ya wote. Kati ya msumari na msumari walijitungia lugha. Mteja mwenye maneno mengi alikuwa mdomo wa bata unaomfuata mtu kwa nyuma. Mvua ilikuwa sponji inayokamuliwa. Kila mtu alipewa jina lake la mkono: mjomba alikuwa penseli nyuma ya sikio, binti mwenyewe alikuwa kidole kwenye kishimo cha shavu, na mama alikuwa vidole viwili vinavyochomoa kitu midomoni.

Mjomba naye alijifunza, ila mikono yake ilikuwa na lafudhi nzito. Msumeno ulimkata ncha ya kidole zamani, na tangu hapo neno lake la "njaa" lilitoka kama "harusi". Binti alikua akiarifiwa kila adhuhuri kwamba mjomba anataka harusi, na kila adhuhuri alimletea sahani bila kucheka. Mtoto yule alikuwa na adabu.

Sasa binti alikuwa chuoni, mwendo wa siku nzima kwa basi, akisomea useremala na darasa zima la vijana wasiosikia. Huko alifundishwa lugha ya alama yenyewe, yenye walimu na vitabu. Mama alifurahi, tena sana. Kila Jumapili walipigiana simu ya picha, na simu yenyewe ilikuwa na kioo cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye ufa. Binti akisogea karibu, uso unaingia, mikono inabaki nje. Akirudi nyuma, mikono inaingia lakini inakuwa miguu ya sisimizi.

Mwezi uliopita jambo hilo lilimfikisha pabaya. Katika lugha yao, ngumi inayozungushwa kifuani maana yake ni furaha kubwa, moyo unacheza. Ngumi hiyo hiyo ikizungushwa tumboni maana yake ni maumivu. Binti alitokea kwenye simu macho yamejaa machozi, na chini kabisa ya kioo, pale penye ufa, ukaonekana mgongo wa ngumi ukizunguka. Halafu chaji ikaisha. Mama hakuuliza mara mbili. Alipanda basi la alfajiri na chupa ya uji mapajani, akashuka jioni, akamkuta mgonjwa wake amesimama juu ya benchi anapiga msasa, mzima wa afya, amechaguliwa kutengeneza kiti cha maonyesho ya chuo. Uji ulinywewa na darasa zima. Kisa hicho kiliwachekesha watu mtaani wiki mbili, na yeye mwenyewe alicheka nao.

Ila lipo jingine ambalo hakulisimulia. Jumapili iliyopita binti alisema neno fulani. Mabega yakatikisika, viwiko vikapanda na kushuka, mikono yenyewe haikuonekana. Alilisema mara tatu akingoja jibu, na mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mwanawe, na tangu siku hiyo kila alipopiga msumari alilifikiria neno lile. Lazima ni la huko chuoni, la vitabuni. Leo moja, kesho kumi. Aliogopa kwamba itafika siku atamtazama mwanawe akizungumza kama wageni wanavyomtazama, kwa heshima na bila kuelewa kitu.

Ndiyo maana asubuhi ile, alipokuwa akipigilia kitambaa cha kijani kwenye kochi la watu watatu, wazo la kioo kikubwa lilipomjia lilimpiga moyo mpaka akapoteza hesabu ya misumari.

"Kompresa inaleta kazi," kaka alisema. "Hicho kioo kinaleta nini? Kama ni kuongea, si umwandikie?"

"Wewe ukicheka unaandika?"

Kaka akaokota randa. "Haya. Lakini usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Ndiyo nakwenda kumwangalia mbuzi mwenyewe. Saa kumi nitakuwa hapa."

Hakuvua hata aproni. Alichukua kopo la vifungo, akatoka, na njiani akajikuta anatembea kama msichana aliyetumwa kwa mtu anayempenda. Alijionea aibu kidogo, lakini hakupunguza mwendo.

Dukani alipokewa na msichana mwenye miwani aliyoipandisha juu ya nywele.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Nataka kuona tableti."

Msichana yule alikuwa muuzaji wa kweli. Alizipanga tatu juu ya kaunta, akaanza kumwaga maneno: hii ina gigabaiti sitini na nne, hii betri yake inakaa siku mbili, hii kamera ya mbele ina nguvu sana, hii ukiitia maji haifi upesi. Mama Kochi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa futi kamba shingoni, akapima kioo cha ile kubwa, upana kwa urefu.

"Unapima nini mama? Vipimo viko kwenye boksi."

"Mabega," alijibu. "Iwashe kamera nijione."

Akaisimamisha juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka mgongo ukagonga rafu ya makava ya simu. Kwenye kioo alionekana mwanamke wa makamo mwenye aproni ya gundi, kuanzia utosi hadi mapajani. Akainua mikono yote miwili. Ikaingia. Akaipeleka kando kabisa, kama anayepima shuka. Ikaingia. Akaishusha kiunoni, akaipandisha juu ya kichwa, akazungusha ngumi kifuani, akazungusha ngumi tumboni, na tofauti ilikuwa wazi kama mchana. Alitaka kucheka. Muuzaji, asiyejua kinachoendelea, alimpungia mkono kwa adabu.

Ikabidi amweleze. Alieleza yote pamoja na uji, akasimama kwenye uji kwa sababu muuzaji alikuwa ameweka kiganja mdomoni akizuia kicheko.

"Sasa niambie kweli," alimalizia. "Hapa ndani inaonyesha vizuri. Kwangu karakanani itaonyesha hivi hivi?"

Muuzaji alishusha miwani, akaivaa. "Kwako sijui, mama. Hapa tuna intaneti yetu. Kwako utatumia laini yako, na mtandao una mitaa unayoipenda na mitaa unayoinunia. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nabahatisha."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko gigabaiti zote. Akasema, "Basi twende ukaione kwangu. Ni mitaa miwili tu. Ikifanya kazi, nalipa. Ikigoma, unarudi nayo."

"Mama, kitu hakitoki dukani bila kulipiwa. Bosi atanila nyama."

Mama Kochi akapeleka mkono mfukoni mwa aproni, akatoa nyundo. Ilikuwa ndogo, mpini wake umeliwa na kiganja mpaka ukapata kiuno, na aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Akaiweka juu ya kaunta. Klipu tatu za karatasi zikajikokota zikainatia.

"Hiyo ndiyo mdomo wangu na mikono yangu," alisema. "Bila hiyo kesho sili. Fedha nikiiacha nitakuwa nimeshanunua; ishike hiyo mpaka turudi."

Muuzaji aliitazama nyundo, akazitazama klipu, akamtazama mama. Kisha akamgeukia mwenzake wa upande wa simu, aliyekuwa amesikia kila kitu huku akijifanya anapanga chaja.

"Bosi yuko benki," mwenzake alisema bila kuinua kichwa. "Foleni ya benki mnaijua. Nendeni basi, mnanipotezea muda."

Wakatoka, tableti imebebwa kifuani kwa muuzaji kama mtoto anayepelekwa kliniki, Mama Kochi ametangulia akiwapangua watu njiani. Saa tisa na nusu. Moyo ulimdunda, na hakujua kama ni kwa haraka au kwa jambo lenyewe.

Kaka aliwaona wakiingia, akaegemea mlango. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Naona hiki kimetembezwa mpaka nyumbani."

"Shikamoo baba," muuzaji alisema. "Kimekuja kukusalimia."

"Marahaba. Angalau muuzaji ana mdomo."

Muuzaji aliitia laini ya Mama Kochi, wakaisimamisha tableti juu ya mkono wa kochi la kijani, ikaegemezwa kwa bonge la sponji. Simu ikapigwa. Chuoni ilikuwa saa ya karakana. Duara lilizunguka katikati ya kioo, likazunguka tena, na watu watatu wakasimama wakilitazama kama wanaongoja maji yachemke.

Binti akatokea. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, nyuma yake mabenchi na vijana wakiinama kazini. Akatabasamu, akainua mikono, na mikono ikavunjika. Ikawa vipande vya mraba, kahawia na kijivu, vidole huku, kiganja kule, kisha kila kitu kikaganda.

"Amekuwa vigae," kaka alisema polepole. Hakusema kwa ubaya.

Mama Kochi alivitazama vile vipande, na furaha yote aliyotembea nayo ikamtoka. Kumbe kioo kikubwa kinaweza pia kuonyesha kwa ukubwa kile usichokiona.

Lakini muuzaji alikuwa ameinua simu yake hewani, anaizungusha karakana nzima kama anayetafuta harufu. Alipofika dirishani akasimama. "Mtandao uko hapa," alisema. "Hapa uko vizuri sana. Tuihamishie hapa."

"Hapo hakuna pa kuiweka," kaka alisema. "Ni ukuta na dirisha."

Mama Kochi alikuwa ameshaliinamia kochi. Lilikuwa la watu watatu, fremu ya mbao ngumu, na halikutaka kwenda. Akasukuma peke yake, likasogea kiasi cha kidole. Muuzaji akaja akashika mgongo wa kochi kwa kucha zake zilizopakwa rangi. Kaka akawatazama kidogo, akashusha pumzi, akaweka bega. Likakwaruza sakafu mpaka dirishani, na tableti ikakaa pale pale kwenye mkono wa kochi, ikitikisika, binti yake akiwa bado vigae.

Halafu vigae vikaungana.

Binti alikuwepo, mzima mzima, kuanzia nyusi zenye vumbi hadi kwenye mkanda wa aproni. Mikono yake ilikuwa wazi mbele ya kifua, na mama aliona hata plasta kwenye kidole gumba. Binti naye alikuwa ametulia ghafla, ameinamia kioo chake huko.

"Rudi nyuma," mikono ya binti ilisema.

Mama akarudi.

"Zaidi. Zaidi. Hapo hapo."

"Kuna nini?"

"Mikono yako," binti alisema. "Ipo. Mwaka mzima nimeongea na paji la uso."

Mama Kochi hakuwahi kulifikiria hilo. Aliona hasara yake tu, na kumbe mtoto naye kila Jumapili alikuwa akipokea nyusi na mstari wa nywele, akiokoteza maana kwenye mikunjo ya ngozi. Alimhurumia. Akaona heri amalize yote.

"Lile neno la Jumapili," alisema. "Nilikudanganya. Sikulielewa."

"Lipi?"

"Ulilolisema mara tatu. Naomba ulirudie. Nitajifunza."

Binti alilikumbuka. Akakunja ngumi mbili, akazishusha kiunoni, moja huku moja kule, akazivuta chini kwa nguvu kama anayevuta kitambaa juu ya fremu.

Mama akaduwaa. Neno lile alilijua. Alilitunga mwenyewe mtoto akiwa na miaka minne, siku walipokuwa wakivalisha kiti cha kwanza pamoja, na mtoto akitaka kuachia kitambaa. Kaza. Baadaye walilitumia kwa kila kitu: homa ikipanda, mvua ikivuja, mtoto akilia kuachwa shuleni. Kaza, usiachie.

"Hilo si ni letu?" mikono ya mama iliuliza.

"Ni letu. Nilikuwa nakwambia darasa zima sasa wanalitumia. Hata mwalimu. Wao wanalo lao, lakini hili wamelipenda." Binti akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, kishimo kikazama shavuni. "Ulidhani nimesema nini?"

"Sikudhani kitu. Niliogopa tu."

Wakatazamana. Kaka, aliyekuwa amesoma karibu nusu ya mazungumzo na kukosea robo, alimnong'oneza muuzaji: "Wanazungumzia harusi."

Mama Kochi alifuta macho kwa aproni. Furaha ilikuwa imerudi, na imekuja na ndugu zake. Lakini alikuwa fundi, na fundi hanunui chombo mpaka akijaribu kazini. Ikiwa wataongea, wataongea kama walivyozoea. Akachota misumari kwenye sahani, akaijaza mdomoni, akapiga magoti mbele ya kochi. Akavuta kitambaa cha kijani, akapeleka mkono mfukoni mwa aproni kuchukua nyundo. Mfuko ulikuwa mtupu.

Kaka akamwekea ya kwake kiganjani, ile nzito ambayo siku zote dada yake alimwambia ni ya kuulia ng'ombe.

Basi akapiga. Kati ya msumari na msumari aliinua macho, na binti alikuwa pale, akimsimulia kiti chake cha maonyesho: miguu amechonga mwenyewe, mgongo umepinda hivi, lakini mto wa kukalia bado, kwa sababu anataka mama aje aupigilie kwa misumari, si kwa pini. Mwalimu amekubali. Darasa halijawahi kuona. Mama alijibu kwa mkono mmoja alipoweza, kwa miwili alipoachia kitambaa. Hakuna aliyemwambia mwenziwe "rudia". Walifanya hivyo misumari minne, mitano, wameshasahau kwamba kuna mtu amesimama kando ameshika boksi tupu. Muuzaji hakuwakumbusha.

Kisha binti akageuka nyuma, akagonga benchi kwa kiganja ili wenzake wausikie mtikisiko. Vichwa vikainuka. Akawaonyesha kioo kwa kidole, akasema jambo fupi.

Vijana wale waliacha misumeno na msasa. Walikuwa kumi, au kumi na wawili, wengine aliwakumbuka kwa uji. Mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, wakapeleka vidole viwili midomoni, wakachomoa msumari usiokuwepo.

Lilikuwa jina lake. Watu ambao hakuwahi kuwaambia neno walikuwa wanamwita kwa jina lake.

Mama Kochi alibaki amepiga magoti. Hakuweza kutabasamu kwa misumari sita mdomoni, na machozi yalipofika midomoni yalikuta chuma, yakawa na ladha ya chuma.

"Saa kumi kasoro dakika tano," kaka alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Yule mtu wa kompresa atakuwa njiani. Nimwambie nini?"

Aligeuka. Akainua mikono, akasema neno moja, haraka, kama anavyosema siku zote. Akangoja aambiwe dirisha, au mkate.

Safari hii kaka alilielewa. Kisha akatoa simu mfukoni, akasogea mlangoni, akapiga.

"Usije leo, ndugu yangu," alisema. "Hapana, bei haina tatizo. Ni dada yangu. Bado ana misumari mdomoni."

Muuzaji aliweka boksi juu ya sponji, bila kuambiwa. "Mama, nikimbie nikuletee nyundo yako? Utakuja kulipa ukimaliza, mimi nitamweleza bosi."

Kwenye kioo vijana wote walikuwa bado wamesimama, mikono wameishusha, wanangoja. Mama Kochi akakivuta kitambaa kwa mkono wa kushoto mpaka kikanyooka. Akapeleka vidole viwili midomoni, taratibu, akachomoa msumari mmoja.